Kituo cha pili kwa DAG ya Exchange: shahidi akae wapi, na TB 3.2 zivukeje?

kikasha_kimoja:

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla vifaa havijafungwa kwenye kabati, maana baada ya hapo kubadilisha itakuwa shida.

Hali ilivyo sasa: Exchange Server SE (mfumo wa barua pepe wa Microsoft) juu ya Windows Server 2022, seva mbili (EX1 na EX2) ndani ya DAG moja (kundi la seva zinazoshikiana nakala za hifadhidata zilezile), zote chumba kimoja. Shahidi, yaani mpiga kura wa ziada wa kundi hilo, ni folda iliyo kwenye seva ya mafaili, FS1, chumba hichohicho. Hifadhidata ziko 8, kila moja ina karibu GB 400, kwa hiyo jumla ni TB 3.2. Watumiaji ni 1,800.

Kituo cha pili kitakuwa na EX3 na EX4, zenye diski na kumbukumbu sawa na za kwanza. Laini kati ya vituo ni Mbps 200, inapita ndani ya VPN, na ping inaonyesha milisekunde 38 kwenda na kurudi. Kule tayari kuna seva moja ya Active Directory (orodha ya watumiaji na kompyuta za mtandao) na seva ya mafaili, FS2.

Ninachotaka ni EX3 na EX4 ziingie kwenye DAG hiyohiyo na zikae zinasubiri. Chumba kikuu kikizimika, watu wawe wamerudi kwenye barua zao ndani ya saa moja au mbili.

Maswali yangu:

Shahidi nimhamishie kituo cha pili? Kuna maelezo niliyosoma yanasema akikaa kule, kituo cha pili kitapata akidi (kura za wengi) na kuwaka chenyewe.

Mbps 200 zinatosha? Na hizo TB 3.2 za mwanzo zivukeje bila kuikaba laini wiki nzima?

Upande wa DNS, MX (rekodi inayoonyesha barua ziende seva ipi) na vyeti, ni yapi ya kufanya mapema?

---

akidi_kwanza:

Mkuu, shahidi asihame. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mpango wa aina hii, na ubaya wake huonekana siku ambayo hakuna kilichoharibika isipokuwa laini.

Hesabu kura. Seva nne pamoja na shahidi ni kura 5, akidi ni 3. Tuseme umemweka shahidi kwenye FS2, kisha VPN inakatika saa nne asubuhi huku vyumba vyote viwili vikiwa vizima. Kituo kikuu kinabaki na kura 2, cha pili kina 3. EX1 na EX2 zinapoteza akidi, na hifadhidata zote 8 zinazimika mbele ya watu 1,800 ambao seva zao hazina tatizo hata moja. Kule ng'ambo EX3 na EX4 zina akidi, lakini haisaidii kitu: walio kituo kikuu hawawezi kuzifikia, kwa kuwa njia ya kufika huko ndiyo iliyokatika.

Shahidi akibaki FS1, tukio lilelile halimgusi mtumiaji yeyote. Kikuu kina kura 3 na kinaendelea, cha pili kina 2 na kinakaa kimya kusubiri laini irudi. Laini hukatika mara nyingi kuliko chumba kizima kuzimika, kwa hiyo upange akidi kwa kuufikiria mkato wa laini kwanza.

Njia halali ya kupata kituo kinachowaka chenyewe ni shahidi kukaa kituo cha tatu, chenye njia zake za mtandao kwenda vituo vyote viwili, zisizotegemeana. Kama njia ya kwenda cha tatu inapita ndani ya kituo kikuu, hujapata kituo cha tatu, umerefusha waya tu. Seva pepe iliyokodiwa kwenye wingu inafaa kuwa shahidi, mradi imejiunga na domeni na inafikika kutoka pande zote mbili. Ile Cloud Witness ya Windows yenyewe haikubaliwi kwenye DAG, usipoteze muda nayo.

Kwa lengo lako la saa moja au mbili, mimi ningeacha uamuzi mikononi mwa mtu. Hata hifadhidata zikiwaka zenyewe, DNS bado ina wa kuibadilisha, na anayebadilisha DNS anaweza kutoa amri tatu zaidi.

Haya sasa ya kuweka mapema, kabla EX3 haijapokea hata nakala moja.

Washa DAC, kinga inayozuia vituo viwili kuwasha hifadhidata ileile. Kwa kawaida huwa imezimwa:

`Set-DatabaseAvailabilityGroup DAG1 -DatacenterActivationMode DagOnly`

Sababu yake ni hii. Umeme umekatika kituo kikuu, umehamia cha pili, watu wanafanya kazi kwenye EX3. Saa tano baadaye umeme unarudi kule, ila VPN bado haijasimama. EX1 na EX2 zinaamka, zinamkuta FS1 jirani, zinahesabu kura 3 kati ya 5 kwa kumbukumbu yao ya zamani, na zinawasha hifadhidata zilezile. Sasa una DB01 mbili zilizo hai, kila moja inapokea barua zake. DAC inazuia hilo kwa alama moja: kila seva inapoamka alama yake ni 0, na hairuhusiwi kuwasha kitu mpaka iongee na mwenzake ambaye alama yake ni 1, au izifikie seva zote zilizoorodheshwa kuwa zinafanya kazi. EX1 na EX2 zote zina 0, haziwezi kuambiana lolote, kwa hiyo zinasubiri. Bila DAC pia zile amri za Stop, Restore na Start za DAG hutaweza kuzitumia.

Taja shahidi wa akiba mapema:

`Set-DatabaseAvailabilityGroup DAG1 -AlternateWitnessServer FS2 -AlternateWitnessDirectory C:\DAG1`

Huyu hapigi kura siku za kawaida, anangoja tu. Kwa kuwa FS2 si seva ya Exchange, kundi la Exchange Trusted Subsystem liwe ndani ya Administrators wa FS2, la sivyo folda haitaundwa na utaligundua hilo wakati mbaya.

Zuia EX3 na EX4 zisijiwashie nakala zenyewe:

`Set-MailboxServer EX3 -DatabaseCopyAutoActivationPolicy Blocked`

Rudia kwa EX4. Usipofanya hivyo, EX1 na EX2 zikipata hitilafu kwa pamoja, hata ya dakika chache, hifadhidata inaweza kurukia ng'ambo ya laini na Outlook za watu wote zikaanza kuvuta barua kupitia Mbps 200 zako.

Mengine ni ya lazima lakini mafupi. Njia za folda za hifadhidata na logi (faili za mabadiliko ya hifadhidata) ziwe zilezile kwenye seva zote nne, herufi kwa herufi. Windows iwe toleo moja kwa wanachama wote. Leseni ya EX3 na EX4 iwe Enterprise, kwa sababu Standard inaishia hifadhidata 5 kwa seva, na nakala zinazosubiri nazo zinahesabiwa. Seva ya Active Directory iliyo kule iwe na Global Catalog, na uongeze ya pili, kwani Exchange isiyoona Active Directory haiwaki hata diski zikiwa nzima. Mapigo ya klasta (ishara za seva kuambiana kwamba ziko hai) usiyaguse: Windows 2022 inavumilia mapigo 20 yaliyokosekana, sekunde moja kila moja, na hiyo inatosha. Milisekunde 38 ziko mbali sana na kikomo cha 500.

---

pakiti_nzima:

Naongezea upande wa laini, nikikubaliana na yote ya mkuu hapo juu.

Logi moja ni MB 1. Mtumiaji anayepokea na kutuma barua kama 100 kwa siku hukadiriwa kuzalisha logi 20. Watu 1,800 mara 20 ni logi 36,000, yaani GB 36 kwa siku. Saa yenye kazi nyingi hubeba kama asilimia 15 ya siku nzima: GB 5.4 ndani ya saa moja, ambayo ni Mbps 12. Zingatia kwamba kila nakala huvuta logi zake kutoka kwa iliyo hai. EX4 haipokei kutoka EX3. Kwa hiyo nakala mbili ng'ambo ni Mbps 24. Mgandamizo wa data kati ya mitandao tofauti huwashwa wenyewe, ila usiuingize kwenye hesabu, uache uwe nafasi ya kupumulia.

Hayo ni makadirio. Kabla ya kununua chochote, hesabu logi halisi za kila saa kwenye EX1 kwa wiki moja, ukiweka na siku ya mwisho wa mwezi. Kama mna mfumo unaotuma ripoti kwa barua pepe usiku, kilele chenu kinaweza kuwa saa nane usiku.

Kiasi kingine cha kupima ni muda wa kufidia. Laini ikikosekana siku nzima ya kazi, deni ni GB 36 kwa kila nakala, na kwa nakala mbili jumla GB 72. Ukiwa na Mbps 100 za wazi zinalipwa kwa saa moja na dakika 36. Hapo Mbps 200 zako zinatosha vizuri.

Kunakili mara ya kwanza ndiko kugumu. TB 3.2 kwa Mbps 200 kamili ni saa 35 na nusu, lakini laini haitakupa 200 kamili. Ukipata 120 ni saa 59. Na ukiacha EX3 na EX4 zote zivute kupitia VPN, zidisha mara mbili. Kwa hiyo vusha mara moja tu:

`Add-MailboxDatabaseCopy DB01 -MailboxServer EX3 -ActivationPreference 3 -SeedingPostponed`

`Update-MailboxDatabaseCopy DB01\EX3 -SourceServer EX2`

EX2 ndiyo chanzo kwa sababu nakala yake inasubiri, diski za EX1 zinazohudumia watu zinapumzika. DB01 ikishafika EX3 na hali yake ikawa Healthy, ongeza nakala ya EX4 vivyo hivyo, kisha:

`Update-MailboxDatabaseCopy DB01\EX4 -SourceServer EX3`

Hii inapita ndani ya chumba cha pili, haigusi VPN. Peleka hifadhidata moja baada ya nyingine. Kunakili kukikatika katikati hakuendelei kulipoishia, kunaanza upya, na utahitaji `-DeleteExistingFiles`. Kupoteza GB 350 za hifadhidata moja kunavumilika, kupoteza za nane kwa mpigo ni wiki imeharibika.

Angalia kasi dakika kumi za mwanzo. Ikigandia karibu na Mbps 13 au 14 hata usiku wa manane, usimlaumu mwenye laini. Dirisha la TCP la KB 64 likigawanywa kwa milisekunde 38 linatoa Mbps 13.8 kamili. Ili kujaza Mbps 200 kwa umbali huo dirisha linatakiwa karibu KB 950. Windows hulipanua yenyewe, lakini kuna vifaa vya ulinzi njiani vinavyofuta chaguo la kupanua dirisha kwenye pakiti ya kwanza. Kagua `netsh interface tcp show global`, kiwango kisomeke normal pande zote mbili, kisha mfuate mwenye kifaa cha VPN.

Dalili nyingine ni hii: ping inapita, kuingia kwenye seva kunakubali, lakini kunakili kunaanza halafu kunasimama kwenye sifuri. Hiyo ni pakiti kubwa kuliko VPN inavyobeba. Pima hivi:

`ping -f -l 1372 EX3`

Namba hiyo ukijumlisha baiti 28 za vichwa ni 1,400. Shuka au panda mpaka upate kikomo, kisha kifaa cha VPN kipunguze MSS (ukubwa wa juu wa data kwenye kila pakiti ya TCP) kulingana nacho. Na kusiwe na NAT wala uchujaji wa bandari kati ya seva za Exchange, au kati yake na Active Directory. Watu hufungua TCP 64327 ya urudufishaji, wanasahau UDP 3343 ya klasta na 445 ya shahidi, halafu DAG inakuwa nusu hai nusu mfu.

Kama laini yako ingekuwa nyembamba sana, kuna njia ya diski ya mkononi: zima hifadhidata, nakili faili ya .edb, iwashe tena, safirisha diski, iweke EX3 kwenye njia ileile ya folda, ongeza nakala kwa `-SeedingPostponed`, kisha `Resume-MailboxDatabaseCopy`. Sharti lake ni moja: tangu uliponakili mpaka nakala iwe Healthy, logi yoyote isifutwe EX1. Mzunguko wa logi (circular logging) uwe umezimwa na chelezo kamili isipite, la sivyo safari nzima imekuwa bure.

---

kikasha_kimoja:

Shukrani sana wakuu, shahidi anabaki FS1. Nina mawili yamebaki. Kwanza, laini ikikosekana siku tatu, EX1 itaathirika? Pili, naomba mtiririko wa siku yenyewe ya kuhama, amri kwa amri, na namna ya kurudi nyumbani.

---

pakiti_nzima:

Itaathirika, na wengi hawalitegemei hilo. Chelezo ya usiku hufuta logi baada ya kuhakikisha kwamba kila nakala imezipokea. Nakala za EX3 na EX4 hazijapokea, kwa hiyo hakuna kinachofutwa, chelezo hata ikisema imefaulu. Siku tatu ni GB 108 za logi zinazojazana EX1, na zilezile EX2. Diski ikijaa hifadhidata inazimika. Mwachie kila diski nafasi ya logi za siku saba zaidi ya unazozihitaji kwa kawaida, na uweke onyo linalolia `CopyQueueLength` ikipita 100. Laini ikionekana haitarudi karibuni, toa nakala za ng'ambo kwa `Remove-MailboxDatabaseCopy` ukiwa na akili tulivu, ukijua kwamba zikirudi huenda zikahitaji kunakiliwa upya. Kuna mpangilio wa rejista unaoruhusu logi kufutwa bila kusubiri nakala iliyobaki nyuma, umezimwa kwa kawaida. Mimi ningeongeza diski.

---

akidi_kwanza:

Mtiririko wa kuhama, tukichukulia kituo kikuu kimekufa na uamuzi umetolewa.

Kabla ya amri yoyote, hakikisha EX1 na EX2 zimezimwa kweli. Kama kuna mtu anayeweza kufika, azichomoe. Seva iliyo nusu hai ni hatari kuliko iliyokufa.

Kwenye EX3, iambie Active Directory kwamba kituo cha kwanza kimetoka:

`Stop-DatabaseAvailabilityGroup DAG1 -ActiveDirectorySite KITUO1 -ConfigurationOnly`

Neno la mwisho hapo lina kazi. Bila hilo amri itajaribu kuongea na EX1 na EX2, itangoja, na itashindwa.

Simamisha huduma ya klasta kwenye EX3 na EX4 zote mbili:

`Stop-Service ClusSvc`

Kisha:

`Restore-DatabaseAvailabilityGroup DAG1 -ActiveDirectorySite KITUO2`

Hapa ndipo klasta inainuliwa upya kwa nguvu. EX1 na EX2 zinaondolewa ndani yake, na kwa kuwa zimebaki seva mbili, namba shufwa, FS2 anaitwa kuwa shahidi. Ikitoa kosa, soma ujumbe, hakikisha ClusSvc ilikuwa imesimama kwenye zote mbili, rudia amri ileile. Kagua:

`Get-DatabaseAvailabilityGroup DAG1 -Status | fl StartedMailboxServers,StoppedMailboxServers,WitnessShareInUse`

Mstari wa mwisho usomeke Alternate. Ukisoma Primary, bado unamtegemea FS1 aliyezimika.

Ondoa kizuizi kwenye EX3 na EX4 kwa kuweka `Unrestricted`, halafu tazama nakala:

`Get-MailboxDatabaseCopyStatus *\EX3 | ft Name,Status,CopyQueueLength,ReplayQueueLength`

Hapa usishtuke. Unaweza kukuta kwenye CopyQueueLength namba ndefu mno inayoanza na 9223372036854. Hakuna logi nyingi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba seva haijui logi ya mwisho iliyozalishwa kituo kikuu, kwa kuwa taarifa iliyo nayo imepita dakika 12. Kwa kutojua, inakataa kuwasha yenyewe. Kwa kawaida nakala huwaka ikiwa imekosa logi zisizozidi 6. Zaidi ya hapo, au ikiwa haijui, mtu ndiye anayeamua:

`Move-ActiveMailboxDatabase DB01 -ActivateOnServer EX3 -MountDialOverride BestEffort`

Amri hiyo inakubali hasara, kwa hiyo itoe ukiwa umeamua kweli kwamba hurudi kituo kikuu ndani ya muda mfupi. Barua zilizopotea katika mkato huo kwa sehemu kubwa zitarudishwa na Safety Net, hifadhi ya Exchange ya barua zilizokwisha kufikishwa, ambayo huzihifadhi siku 2. Hurudisha tu kilichopita kwenye njia ya usafirishaji. Rasimu, mkutano uliosogezwa kwenye kalenda, barua iliyohamishwa folda, hivyo havirudi. Pia, hifadhi kuu ya barua hizo ikiwa imekufa na kituo cha kwanza, mfumo huitafuta kwa saa 12 kabla ya kugeukia kivuli chake kilicho kituo cha pili. Barua zinazojitokeza siku inayofuata si kosa, waarifu watu wa msaada mapema.

Kurudi nyumbani hakuna haraka. Washa seva za Active Directory za kituo cha kwanza kwanza, ziache zilingane na za pili, ukague kwa `repadmin /replsummary`. Muda wa kawaida wa kulingana kati ya saiti ni dakika 180, na kama hukuwahi kuushusha mpaka 15, sukuma kwa mkono. Kisha EX1 na EX2 ziwake, na:

`Start-DatabaseAvailabilityGroup DAG1 -ActiveDirectorySite KITUO1`

`Set-DatabaseAvailabilityGroup DAG1 -WitnessServer FS1 -WitnessDirectory C:\DAG1`

Ya pili husahaulika sana. Usipoitoa, unaendelea na shahidi aliye FS2, na umerudi palepale pa swali lako la kwanza. Nakala za EX1 na EX2 zitajirekebisha zenyewe tofauti ikiwa ndogo. Zikibaki FailedAndSuspended, ni kunakili upya, sasa kutoka ng'ambo kuja huku, moja tu kuvuka laini na ya pili ndani ya chumba. Zikiwa Healthy zote na foleni ni sifuri, hamisha usiku, badilisha DNS, kisha rudisha `Blocked` kwenye EX3 na EX4.

---

jina_na_cheti:

La DNS, MX na vyeti halijaguswa, nalijaza kwa ufupi.

Dakika ileile unapomaliza kusakinisha Exchange kwenye EX3, inajitangaza kwenye Active Directory kwa jina lake yenyewe, na Outlook zilizo kwenye domeni zinaanza kuonyesha onyo la cheti. Usingoje mwisho wa usakinishaji wa EX4:

`Set-ClientAccessService EX3 -AutoDiscoverServiceInternalUri https://autodiscover.mfano.com/Autodiscover/Autodiscover.xml`

Tumia jina moja kwa vituo vyote viwili, mfano mail.mfano.com, na URL za ndani na nje za EX3 na EX4 ziwe sawa na za EX1. DNS ielekeze kituo kikuu, TTL (muda ambao kompyuta hushika jibu la DNS) iwe sekunde 300 kuanzia leo. Kuishusha siku ya ajali hakusaidii, maana kompyuta za watu zimeshashika muda wa zamani.

Cheti ni kilekile. Kitoe EX1 kikiwa na ufunguo wake wa siri, kiingize EX3 na EX4, kisha `Enable-ExchangeCertificate` kwa IIS na SMTP. Kama kisawazisha mzigo chenu kinafungua usimbaji na kuufunga tena, nacho kibebe cheti hichohicho, vinginevyo Extended Protection (ulinzi wa Windows unaofunga kuingia kwa mtu na cheti) itawakatalia watu kuingia na ujumbe wa kosa utakuwa unaomba nenosiri bila kukoma. Kila mnapohuisha cheti, seva zote nne siku moja.

MX mbili, 10 na 20. Ile ya 20 iwe na kichujio kilekile cha taka na ukaguzi uleule wa wapokeaji, kwa sababu watuma taka hupenda kuanzia kwenye MX ya mwisho. Kwa barua zinazotoka: EX3 na EX4 ziongezwe kama chanzo kwenye kiunganishi cha kutuma kitakachotumika siku hiyo, anwani ya kituo cha pili iwe na rekodi ya PTR (inayogeuza anwani kuwa jina), na SPF (orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma barua zenu) iitaje tangu sasa. SPF ikikosa anwani hiyo, mtahama salama kabisa halafu barua zenu zitupwe kwenye taka huko ziendako.

Kwa barua zinazoingia msiwe na wasiwasi wa dakika. Seva za watumaji hujaribu tena, kwa kawaida siku 4 mpaka 5 kabla ya kukata tamaa. Jina la mail.mfano.com ndilo la kubadilisha kwanza, MX baadaye.

---

kikasha_kimoja:

Nimeelewa. La mwisho kabisa: nikishakuwa na nakala nne za kila hifadhidata, chelezo ya usiku bado ina kazi? Na jaribio la kuhama nilifanye vipi bila kuua kituo kikuu?

---

akidi_kwanza:

Chelezo ibaki. Kisanduku kikifutwa au kikiharibiwa na programu hasidi, ufutaji huo unafika EX4 sekunde chache baadaye kwa uaminifu uleule wa barua halali.

Jaribio lifanye kwa hatua mbili. Kwanza hamisha DB08 peke yake kwenda EX3 jioni moja na uirudishe. Hilo linapima diski, Active Directory ya kule, na njia ya watumiaji, lakini haligusi akidi hata kidogo, kwa hiyo usiliite jaribio la kuhama. La pili ni la siku ya mapumziko iliyotangazwa: hamisha hifadhidata zote EX3 kwa amani, hakikisha foleni ni sifuri, zima EX1, EX2 na FS1 kwa pamoja, na hapo EX3 na EX4 zipoteze akidi kweli. Ziwe zimezimwa kwa kitufe, si kwa kufuatana kwa utaratibu. Ukizizima moja moja, Windows hupunguza kura za waliotoka, akidi inabaki, na hutajifunza chochote kuhusu amri ya Restore. Pima muda tangu kuzima mpaka mtumiaji wa kwanza atume barua, ukihesabu na DNS.